Magazini ya Kwanza

Orrin Haldorsen alikutwa kwenye kiti chake cha kazi, kichwa kimeinamia meza kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Mbele yake palikuwa na kichupa cha mafuta ya bunduki, brashi ya shaba, vitambaa vilivyokatwa mraba, na bastola mpya nyeusi. Magazini, kile kisanduku cha risasi, ilikuwa imetolewa na kuwekwa pembeni. Tundu la risasi lilikuwa kifuani, upande wa kushoto.

Mpelelezi Marit Tollefson alisimama mlangoni dakika nzima kabla ya kuingia. Mwanamke huyu wa miaka hamsini na mmoja hakupenda haraka. Chumba kikishakanyagwa hakirudi kuwa kile kile.

Ilikuwa Jumapili, saa tatu asubuhi. Nje, upepo wa Oktoba ulikuwa ukisukuma magugu makavu hadi kwenye seng'enge. Jirani wa karibu alikuwa maili sita kutoka pale. Katika kaunti ile ya mashariki ya Montana ng'ombe walikuwa wengi kuliko watu, na ofisi ya sherifu ilikuwa na mpelelezi mmoja tu. Ndiye yeye.

"Ajali," alisema Thayer, mchunguzi wa vifo wa kaunti, akivua glavu. "Amekufa jana mchana. Alikuwa anaisafisha. Unazijua hizi za pini."

Marit alizijua. Hazina nyundo kwa nyuma. Pini imefichwa ndani, springi inairusha mbele. Na karibu zote alizowahi kushika zilikuwa na ila moja: ili uzivue, yaani uzitenganishe vipande kwa kusafisha, lazima kwanza ubonyeze kifyatulio.

"Mtu akisahau risasi moja kwenye chemba, kwisha habari yake," Thayer aliendelea. "Huyu ni wangu wa tatu."

"Umbali?"

"Urefu wa mkono. Unaweza kuwa mkono wake."

"Masalia ya baruti?"

"Mikono yote miwili. Lakini hayo hayatusaidii, alipiga risasi asubuhi nzima."

"Thayer, huyu ndiye aliyenifundisha kushika bunduki. Amefundisha nusu ya kaunti."

"Najua. Hata mimi alinifundisha." Thayer alifunga mkoba wake. "Kesho saa kumi jioni natia saini. Mpaka saa hiyo uwanja ni wako."

Aliyegundua maiti alikuwa nje, amekaa kwenye ubao wa nyuma wa pikapu yake. Clell Vaske, miaka sabini na mmoja, fundi bunduki mstaafu. Alikuwa amebana mikono katikati ya magoti kama mtu anayesikia baridi.

"Pole, Clell."

"Ndiyo hivyo."

"Umefika saa ngapi?"

"Saa mbili. Jumapili huwa tunakunywa kahawa."

"Umegusa nini?"

"Shingo yake. Ilikuwa ya baridi."

"Mara ya mwisho kumwona hai?"

"Jana. Tuliipiga bastola mpya pale nyuma, kama kawaida yetu."

"Kawaida yenu ipi?"

Clell alimtazama kwa jicho la pembeni. "Wewe nawe. Baba yako alikuwa anatucheka kwa hilo. Orrin akiletewa na kiwanda bastola mpya ya kuandikia makala, magazini ya kwanza ni ya wawili. Yeye risasi moja, mimi moja, mpaka iishe. Halafu tunasaini karatasi ya shabaha. Miaka kumi na tisa."

"Na baada ya hapo?"

"Nikaenda zangu, kama saa nane. Nilimwacha anatoa brashi."

"Orrin hakuwa mtu wa kusahau risasi."

"Uzee, Marit. Na wewe unakuja huko, usidhani umesamehewa. Alibonyeza ili aivue, basi."

Marit aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa. Hakuwa na sababu bado. Aliandika kila kitu.

Simu ya Rena, binti pekee wa Orrin, ilimkuta bado yuko uani. Rena alikuwa akitoka Spokane kwa gari.

"Wanasema baba amejipiga kwa uzembe."

"Bado sijaandika chochote."

"Nilipokuwa na miaka minane niliacha bunduki ya kuwindia sungura kwenye kochi, ina risasi. Hakunichapa. Alikaa sakafuni akalia. Mama alipofariki sikumwona akilia, lakini siku ile alilia. Mimi siulizi amekufaje, dada. Amekufa. Ila wakiandika kwamba alisahau, watakuwa wamemzika mtu mwingine."

"Nina mpaka kesho saa kumi."

"Basi fungua chochote unachotaka mle ndani. Nakupa ruhusa."

Wote walipoondoka, Marit alibaki peke yake na nyumba. Jikoni, bakuli moja, kijiko kimoja, kikombe kimoja kwenye kichanja cha kukaushia vyombo. Aliutambua mpangilio ule. Wa kwake ulikuwa hivyo hivyo.

Kwenye rafu ya chumba cha kazi kulikuwa na sanduku la bastola ya pili, pacha wa ile ya mezani. Kampuni ilituma mbili ili moja ikiharibika makala isikwame. Zilikuwa bado hazijafika madukani. Chini ya sanduku kulikuwa na daftari. Orrin aliandika kwa penseli, herufi zimenyooka.

"Mpini unajaa kiganja bila kuchubua. Kilengeo kinaonekana hata kwa macho yangu haya. Kifyatulio kina mwendo mfupi, kinagota kidogo, kisha kinaachia bila kukwaruza. Ikifyatuka, teke lake linasukuma, halipigi. Risasi mia na hamsini, haijakwama. Lakini kilichonifurahisha zaidi ni kuivua. Unavuta sehemu ya juu nyuma mpaka ijifunge, unageuza kiwenzo, kishikio kidogo cha ubavuni, inatoka. Kifyatulio hukigusi kabisa. Kama kuna risasi imebaki, inaruka nje yenyewe pale unapovuta. Nimezika wanafunzi wawili kwa sababu ya ule mtindo wa zamani. Hatimaye kuna mtu kiwandani aliyekaa akafikiri."

Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na mstari mmoja.

"Safari hii nimeipiga peke yangu."

Marit aliusoma mstari ule mara mbili. Kisha alikwenda kwenye kibanda cha nyuma, mahali Orrin alipotunza karatasi za shabaha. Zilikuwa nyingi, zimefungwa kwa kamba mwaka kwa mwaka, na kila moja ilikuwa na saini mbili. Ya Jumamosi ilikuwa juu ya rundo. Saini ilikuwa moja.

Aliichukua ile bastola ya pili na sanduku la risasi, akatembea hadi kwenye tuta la udongo.

Hakuhitaji kuipiga. Neno la daftari lilitosha, na kuivua angeweza kuivua mezani. Lakini alitaka kujua Orrin alijua nini, na kwa njia ile ile aliyojulia. Alivaa vizuia sauti vya masikioni. Akapanga miguu kama alivyofundishwa na mtu yule yule aliyekuwa sasa kwenye gari la Thayer.

Risasi ya kwanza ilikwenda chini kidogo. Ya pili ikaingia palipotakiwa. Kweli, mpini ulijaa mkono. Kweli, teke lilikuwa la kusukuma. Bastola ilirudi yenyewe kwenye shabaha, kama imezoea. Ya tatu, ya nne, ya tano.

"Nzuri hii," alisema kwa sauti.

Aligeuka nusu, upande ambao mumewe Neil alikuwa akisimama enzi za uhai wake. Palikuwa na nyasi tu, zimelazwa na upepo. Marit aliokota maganda yake moja moja, akayatia mfukoni, akaivua bastola juu ya kofia yake. Hakugusa kifyatulio. Ilitoka vile vile kama Orrin alivyosema.

Jumatatu, saa nane mchana, Clell alikaa mbele yake kwenye chumba cha mahojiano. Alisomewa haki zake. Alisema wakili wa nini, hakuwa na la kuficha. Kinasa sauti kikawashwa.

"Nirudishe Jumamosi," Marit alisema. "Mliipiga pamoja?"

"Nimeshakwambia."

"Magazini ya kwanza mliigawana?"

"Moja yeye, moja mimi."

"Uliionaje?"

"Nzuri. Kifyatulio kizito kidogo."

"Kizito?"

"Kwangu mimi. Kama zote za aina hiyo."

Marit alifungua droo. Aliweka mezani ile bastola ya pili, akaonyesha chemba tupu, magazini tupu. "Hakuna risasi chumba hiki chote. Nivulie hiyo."

"Unanipima ufundi sasa? Nimevua hizi kabla hujaota meno."

"Ndiyo maana nakuomba wewe."

Clell aliichukua. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, na Marit akaona kwa nini siku zote ilikuwa magotini. Lakini kazi aliijua. Alitoa magazini. Alivuta sehemu ya juu, akatazama ndani, akaingiza kidole kidogo kwenye chemba kuhakikisha. Akaachia. Akaelekeza mdomo wa bastola ukutani, akabonyeza kifyatulio.

Tiki.

Kisha kidole gumba na cha shahada vikatafuta vibanio viwili juu ya kifyatulio, pale vinapokaa kwenye bastola za namna hiyo. Havikuwapo. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Akaisogeza karibu na macho.

Marit alingoja. Alikuwa mtu wa kungoja.

"Viko wapi?" Clell aliuliza, sauti imeshuka.

"Hii haina. Inavuliwa kwa kiwenzo cha ubavuni. Kifyatulio hakiguswi."

Clell aliiweka mezani taratibu.

"Orrin aliandika kwamba hilo ndilo lililomfurahisha kuliko yote," Marit alisema. "Mngeipiga pamoja, angekuonyesha kabla hata ya risasi ya kwanza. Asingeweza kujizuia, unamjua. Na karatasi ya Jumamosi ina saini moja."

Kinasa sauti kilizunguka.

"Ulifika saa ngapi, Clell?"

"Saa sita." Alikuwa akiangalia meza. "Niliisikia milio nikiwa bado barabarani. Nikasimamisha gari nikasikiliza. Ilikuwa inafuatana tu. Hakuna aliyekuwa anangoja zamu ya mwenzake."

"Ukaingia."

"Nikakaa garini mpaka alipomaliza. Ndipo nikaingia. Alikuwa anaandika. Bastola tupu mezani, magazini nyingine imejaa, iko kando. Akaniambia kaa, Clell. Akanimiminia kahawa. Mwezi uliopita risasi yangu ilipiga changarawe karibu na buti lake, hilo halijui mtu. Akasema mikono yangu haifai tena uwanjani. Niwe nakuja Jumapili, kwa kahawa."

"Alikuwa anaogopa utaumia."

"Alisema kwa upole, Marit. Angenitukana ningevumilia. Alinisemesha kama unavyomsemesha mgonjwa. Tangu mke wangu Judith afe, wiki yangu ni Jumamosi. Siku nyingine nazivuka tu ili nifike. Kahawa naweza kunywa nyumbani na redio."

"Ukaichukua bastola."

"Nikatia magazini. Nikamwambia risasi yangu moja tu, kupitia dirishani, halafu naondoka. Akasema iweke chini, utamdhuru mtu."

"Na vifaa vya kusafishia?"

"Nilivipanga kama anavyopanga yeye. Nilijua mahali pa kila kitu. Kikombe changu nilikiosha nikakirudisha kabatini."

Marit aliegemea mbele. Swali lililobaki lilikuwa na mlango ndani yake, na alijua anamfungulia. Mbele ya baraza la mahakama, jibu moja lingepunguza miaka mingi ya kifungo.

"Mkono ulitetemeka, Clell? Ndivyo ilivyokuwa?"

Mzee aliiinua mikono yake mezani, akaitazama. Ilikuwa ikicheza kama majani.

"Naweza kukwambia hivyo," alisema. "Nimelifikiria jana kutwa. Lakini nikisema hivyo, ina maana Orrin alikuwa sahihi." Akatikisa kichwa. "Ilitulia. Mwaka mzima haijawahi kutulia, ila pale ilitulia. Nilimlenga, nikafyatua."

Saa tisa na nusu Marit alimpigia simu Thayer, akamwambia afute neno ajali. Kisha akampigia Rena, aliyekuwa tayari kwenye nyumba ya baba yake.

"Baba yako hakusahau kitu," alimwambia. "Bastola ilikuwa tupu mpaka mtu mwingine alipoijaza."

Marit alisikia kiti kikivutwa, kisha kilio cha mtu aliyekizuia siku mbili. Hakukata simu mpaka kilipokwisha.

Alipompelekea Clell kahawa mahabusu, jua lilikuwa bado linaingia kwenye dirisha la juu. Clell alipokea kikombe kwa mikono miwili ili kahawa isimwagike.

"Wewe umeipiga?" aliuliza.

"Jana."

"Mimi niliipiga mara moja, na sikuhisi kitu. Ikoje?"

Marit alikuwa na ripoti ya kuandika. Alikuwa na nyumba ya kurudi, yenye bakuli moja kwenye kichanja. Alivuta kiti akakaa upande wake wa nondo.

"Mpini unajaa mkono," alianza, na Clell akafumba macho asikilize.