Maneno Yaliyogeuzwa

Spika zilikuwa zimezimwa. Waya umechomolewa, taa nyekundu imekufa, na bado zile ngozi zake nyeusi zilikuwa zinatoka na kurudi polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Besi aliziangalia, akajiambia ni uchovu tu, akaenda kunawa uso.

Walimwita Besi kwa sababu ya kazi yake. Alitengeneza muziki wa filamu za mapigano, ile midundo mizito ya kompyuta inayokukaba koo gari linapofukuzwa au mtu anapotupwa dirishani. Alifanyia kazi katika chumba cha nyuma, hakina dirisha, kuta zote kazivalisha magodoro ya zamani. Sebuleni ndiko alikoshonea dada yake, fundi cherehani, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Dada alimcheka kila siku: kazi yake kutisha watu, na mende mmoja tu anamkimbiza.

Dada huyo aliwahi kuugua, na si homa. Jini lilimwingia, likamkalia kwa miezi, likimtembeza nyumbani kinyumenyume na kusema kwa sauti ya dume, mpaka mganga mmoja mzee akalifukuza. Siku hiyo nyumba nzima ilinuka nywele zilizoungua. Besi naye, mtu ambaye hata msibani husikiliza mlio wa sufuria, alikuwa amewasha simu mfukoni, akarekodi kila neno la mganga. Dada hakuambiwa.

Sasa wiki hiyo mwongozaji wa filamu alikuwa amemrudishia kazi tena na tena. Muziki una nguvu, alisema, ila hautishi. Na filamu hii ndiyo ingemfikisha Besi kwa wakubwa. Basi kijana, sijui akili aliiweka wapi, akaichukua sauti ya mganga, akaishusha, akaikwaruza mpaka ikawa kama bati linaloburutwa, kisha akaigeuza icheze kinyumenyume, mwisho uwe mwanzo, akaificha chini ya ngoma. Mwongozaji aliposikiliza alisema vinyweleo vimemsimama. Akaichukua hapo hapo.

Asubuhi iliyofuata ndiyo Besi alizikuta spika zinapumua.

Alipokwisha kunawa uso alirudi chumbani, akasikia cherehani kupitia ukutani. Tak, tak-tak, tak. Alisikiliza vizuri. Ulikuwa mdundo wake mwenyewe.

Akafungua mlango, na ingawa ulikuwa mchana kweupe na jua limejaa koridoni, harufu ya nywele zilizoungua ikamfikia kabla hajaona kitu, halafu akamwona dada yake anakuja, mgongo mbele, visigino vikitafuta sakafu taratibu, bila kushika ukuta, bila kugeuka hata mara moja, uzi ukimfuata mkononi kutoka sebuleni, na huko sebuleni cherehani, isiyo na mtu, ikiendelea kupiga.

Alisimama karibu kabisa, kisogo kikimtazama.

"Umeniita," ikasema sauti ya dume. "Nilikuwa mbali, ukaniita."

Besi aliogopa mpaka simu ikamponyoka mara mbili. Alipompata mganga hata shikamoo ilitoka nusu. Akanong'ona yote. Mzee alisikiliza, kisha akauliza hayo maneno yake aliyafanya nini.

"Niliyageuza, babu."

Mzee akamuuliza tena. "Ufunguo uliofungia mlango, ukiuzungusha upande wa pili, unafanya nini?"



Mganga akamwagiza ayacheze maneno kama yalivyosemwa, bila ngoma, bila mbwembwe, kisha aifute ile iliyogeuzwa isibaki popote. Akamwambia wazi kwamba jini hilo likirudi tena, yeye hatakuwa na uwezo nalo. "Kuna mtu mwingine anayo?"

Besi aliwaza jina lake kwenye skrini kubwa. "Hakuna, babu."

Akachomeka waya, akaifungulia sauti ya mzee mpaka mwisho, ikaliambia jini toka, toka usirudi, na dada, aliyemfuata chumbani kinyumenyume, akaanza kutetemeka, kucha zikachana godoro la ukutani, spika zikavimba kama zinataka kupasuka, sauti ya dume ikalia kwa namna ambayo Besi hajawahi kuisikia kwenye mtambo wowote, na ghafla cherehani ikasimama.

Dada alikuwa chini, uso umelowa jasho. Akauliza kwa nini amelala hapo kama mkeka, na nani kachezea cherehani yake. Besi alimkumbatia akalia waziwazi, bila aibu. Kisha akafuta kila kitu kwenye kompyuta, akamkalisha sebuleni na kumletea maji.

Dada alikuwa anayanywa taratibu simu ya Besi ilipotikisika. Mwongozaji. Tangazo la filamu limetoka, linachezwa kila mahali, wakubwa wameusifu sana muziki. Besi hakumaliza kusoma. Kutoka kwenye televisheni ya jirani, dirisha kwa dirisha, ngoma zilikuwa zimeanza, na chini yake ile sauti.

Akaruka kufunga dirisha. Barabarani gari likapita na mdundo ule ule.

"Huo si wako?" dada akauliza. Sauti ilikuwa yake kabisa. Alikuwa anatabasamu.

"Ni wangu, dada."

"Mzuri," akasema, akainuka kurudisha kikombe jikoni. Alikwenda polepole, visigino vikitangulia, akimtazama mdogo wake machoni mpaka alipoingia mlangoni.