Itika Upesi, Safaa

“Kata!” ilijibu sauti jikoni, na jikoni hamkuwa na mtu.

Zulekha alikuwa sebuleni na mdogo wake Safaa, nyumbani kwao Ole, wakijifua kwa mchezo wa televisheni. Kanuni zake rahisi: mmoja anaelezea neno bila kulitaja wala kuonyesha kwa mkono, mwenziwe anakisia. Saa inakwenda. Ukizubaa, zamu imekupita. Washindi hupewa friji, na Zulekha alishaipangia pa kukaa, na barafu za kuuza alishazigandisha kichwani.

Lakini Safaa, jamani! Kaambiwa, “Kifuu kina mpini, chatekea maji mtungini,” naye anatazama dari.

“Hata jirani kajibu ‘kata’ kabla yako!” alifoka Zulekha.

“Dada, jirani yuko Wete tangu jana.”

“Basi redio! Wewe wangoja nini kila siku?”

Safaa akashusha sauti. “Bibi alitufunza. Sauti usiyoiona usiitikie mpaka ikwite mara ya tatu. Wao hawaiti mara tatu.”

Hakusema “wao” ni nani. Kwao hawatajwi, na kila mtu anawajua.

“Kwenye televisheni hakuna mara ya tatu! Itika ya kwanza! Nshachoka nawe, wallahi!”

Basi akamfunza. Kutwa anamwita kwa ghafla, akiwa anafagia, akiwa anaanua karafuu, na akichelewa anasonywa. Wiki haikwisha, Safaa akawa anaitika jina halijatoka lote mdomoni. Zulekha akafurahi, mpumbavu yule.

Ijumaa mchana Zulekha alikuwa uani anafua. Akasikia sauti yake mwenyewe ikiita kutoka jikoni, na yeye hakufungua mdomo.

“Safaa!”

“Abee!”

Kisha ikaja harufu ya udi, na nyumba nzima hakuna aliyefukiza, na Zulekha akatupa nguo akakimbia na mapovu mikononi, akamkuta mdogo wake kakaa kitako mbele ya mtungi, macho kayakodoa, anajibu na kujibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza, kata, mkeka, sanda, kisima, Zulekha, sanda, bila kuvuta pumzi, mpaka midomo ikageuka rangi.

Shehe Khatib aliitwa. Akasoma, akamnywesha kombe, maji yaliyooshea aya, akasoma tena hadi kanzu ikarowa jasho. Magharibi Safaa akalia kwa sauti yake mwenyewe.

“Karudi,” alisema Shehe. “Nani kamfunza kuitika upesi?”

Zulekha akainamisha kichwa. Hasira zote zilikuwa zake sasa, za kujichukia.

“Basi mfunze kungoja.”

Mchezo wakauacha, na friji ikaenda kwa wengine. Zulekha hakuitaja tena. Alikaa na mdogo wake mkekani kila alasiri, akimfunza upya.

“Safaa,” aliita siku moja, taratibu.

Safaa akamtazama, kafumba mdomo.

“Safaa.”

Kimya. Zulekha akatabasamu, mara ya kwanza tangu Ijumaa ile. Akavuta pumzi aite mara ya tatu.

“Dada Zulekha!” iliita sauti ya Safaa, kutoka jikoni.

“Nini tena?”

Safaa alimrukia akamziba mdomo kwa mikono miwili, lakini neno lilikuwa limeshatoka.