Mkate wa Akbalik

Nyumba ya Perizat ilianza kunuka samaki wabichi. Hapa Moynak hilo si jambo la kupuuza, maana bahari yetu ilishakauka na wavuvi wetu sasa wanachunga ngamia. Akasugua sakafu, akafukiza majani makavu ya kufukuzia husuda, wapi! Harufu ikazidi.

"Baba Arislan, umeleta nini humu ndani?" akamuuliza mumewe.

Saparbai akajifanya hasikii. Kazi yake ni kuendesha wageni jangwani, na wageni hao, sijui wana nini, hutoka mbali kuja kupiga picha vijiji tulivyovikimbia. Safari hiyo aliwapeleka Akbalik, kijiji cha wavuvi kilichobaki kuta na mchanga. Ndani ya nyumba moja akakuta mkate mkavu sakafuni, umeng'atwa pembeni, na mgeni mmoja nusura aukanyage. Roho ikamuuma. Kwetu anayesafiri hung'ata mkate mlangoni, na uliobaki mamaye huutundika ukutani, umngoje arudi aumalize. Saparbai akauokota, akaubusu, akaja nao nyumbani, akautundika nyuma ya pazia, jirani na mkate wa mwanawe.

Mwanawe, Arislan, yuko Urusi kwenye kazi za ujenzi. Tangu baridi ianze hajapiga simu. Mkate wake Perizat anaogopa hata kuupangusa vumbi, usije ukavunjika.

"Umeniletea mtoto wa watu ndani ya nyumba yangu!" alinong'ona alipofunua pazia.

"Ningeuacha ukanyagwe? Mkate, mama Arislan?"

Perizat akalirudisha pazia. Hata mimi nisingeuacha.

Alasiri ile upepo wa chumvi ukavuma, nje kukawa kweupe kwa vumbi la chumvi, na mlango ukagongwa taratibu.

"Mama, nimerudi. Nifungulie, nina njaa."

Perizat alilirukia komeo kwa furaha akijua ni Arislan wake, mkono ukiwa umeshalishika, ndipo Saparbai akamdaka na kumwonyesha chini, ambako maji yalikuwa yakipenya chini ya mlango, maji ya chumvi yenye magamba ya samaki, yakitambaa polepole juu ya zulia, yakipita miguuni pao, yakielekea moja kwa moja ukutani penye ile mikate miwili, huku sauti ya kijana ikiendelea kuita mama, mama, kama mtu mwenye maji kooni.

Upepo ulipotulia wakamwita bibi Ulbosin, mganga wetu. Akachovya kidole kwenye zulia, akaonja, machozi yakamlengalenga.

"Si jini huyu. Jini angeshawatafuna. Huyu alizama wakati bahari ipo. Mama yake akafa, kijiji kikahama, bahari yenyewe ikaondoka, na yeye hakuna aliyempa habari. Maskini, bado anatafuta ufuko."

"Sasa tufanyeje, bibi?"

"Mpeni habari ya msiba wake, kwa upole, kama tunavyopeana sote. Umpe wewe, Perizat, maana anaita mama. Atakwenda zake."

Upepo uliporudi, sauti nayo ikarudi. Perizat akaegemeza paji la uso kwenye mlango. Huruma ilizidi hofu yake.

"Kaa chini kwanza, mwanangu," akasema, kama inavyoanzwa kwetu habari ya kifo. "Mama yako alikungoja hadi pumzi ya mwisho. Ametangulia. Akbalik hakuna mtu. Na bahari, mwanangu, bahari nayo imekufa."

Kilio kilichotoka nje ya mlango ule sitaki kukisimulia. Saparbai alijifunika kofia usoni. Halafu maji yakaanza kurudi yalikotoka, zulia likakauka, na harufu ya samaki ikapungua.

"Ahsante, mama," sauti ikasema, mbali kidogo. "Nimezunguka sana. Ningejua ningepumzika zamani."

"Nenda salama, mwanangu."

Saparbai akashusha pumzi, akamshika mkewe bega. Ndipo sauti ikasema tena, pale pale penye tundu la ufunguo, kwa upole uleule.

"Na nyinyi je, mama? Ina maana hakuna aliyewapa habari?"

"Habari gani?"

"Kaa chini kwanza, mama."

"Usimsikilize!" Saparbai akapiga kelele. "Jini huyo! Jini mwongo!"

Perizat alikuwa ameshakaa, macho yake kwenye mkate wa Arislan.