Jirani wa Upande wa Jiwe

Benchi la nyuma lilikuwa limelowa. Mvua haikuwa imenyesha Ipogolo tangu mwezi wa tano, bati la ofisi ya mtaa halivuji, lakini benchi lile lilikuwa chapachapa, na lilinuka kama ndani ya pango. Watu wakasogea mbele, wakabanana, mkutano ukaanza. Mwenye akili angerudi nyumbani papo hapo. Lakini nani angerudi, na siku hiyo ilikuwa ya kuamua nyumba za watu?

Liberatus, tajiri wa mbao kutoka Mafinga, alikuwa ameomba kibali cha kujenga ghala kiwanja cha juu, pale penye jiwe kubwa kama kanisa. Ili ajenge, jiwe livunjwe kwa baruti. Na chini ya jiwe, ukinyoosha mkono unaligusa, ipo nyumba ya bi Rukia, ya matofali ya udongo aliyoyafyatua yeye na marehemu mumewe. Ndani ya nyumba hiyo mkwewe Naima alikuwa na kichanga ambacho hata arobaini yake haijafika.

"Mwenyekiti, baruti ikipigwa pale, ukuta unatuangukia," Rukia alisema. "Mimi sikubali."

"Bibi, usipinge maendeleo," Vitus, mwenyekiti wa mtaa, akamjibu.

"Kilichoendelea hapa ni tumbo lako!" Marta muuza nyanya akapaza sauti dirishani. Watu wakacheka. Vitus akanuna.

Sasa utaratibu wa mtaa ule ni huu: ombi la ujenzi likija, majirani wa pande nne wanaitwa mmoja mmoja, kila mtu aseme lake. Wa barabarani akaitwa, akakubali. Wa mtoni akakubali. Wa chini ndiye Rukia, akakataa. Upande wa nne hakuna nyumba, ni jiwe tupu na korongo.

"Na huyo wa upande wa jiwe mbona humwiti?" Marta akauliza. "Wazee wetu hawakupita pale bila hodi."

Vitus akaona amepata pa kuchekea. Akaweka viganja mdomoni kama anayeita ng'ombe. "Jirani wa upande wa jiwe! Njoo useme! Jirani wa upande wa jiwe, unaitwa!" Kisha, huku akijichekea, akainamia simu yake.

"Kamwene," sauti ikasema kutoka benchi la nyuma.

Mhehe hata ukimsalimia usingizini, ataitikia kabla hajafumbua macho. Salamu haiachwi ianguke chini. "Kamwene, karibu, kaa," Vitus akaitikia, macho kwenye simu. Halafu akainua kichwa. Benchini hapakuwa na mtu.

Marehemu bibi yangu alikuwa anasema, mlango wa jini si dirisha wala tundu la panya, ni mdomo wako mwenyewe.

"Nakataa," sauti ikasema, taratibu, kama jiwe la kusagia linalozunguka bila nafaka.

Kicheko kikakatika. Jasho likamtoka Vitus, ila Liberatus alikuwa amekaa ubavuni kwake, anamtazama. "Waliokubali wawili," akasema haraka, "waliokataa wawili. Na mimi mwenyekiti nakubali. Limepita."

Mnasikia? Aliihesabu sauti ile. Aliihesabu, kisha akaishinda kwa kura!

Baruti ikapigwa mchana, jua kali. Nusu ya jiwe ikawa kokoto. Ukuta wa Rukia ukapasuka kuanzia mlangoni hadi kwenye paa, na kichanga kikakaa kimya mpaka Naima akakitikisa ndipo kikalia. Halafu ile harufu ya pango ikashuka mtelemko, polepole, kama mtu mzima anayejua aendako. Mbwa waliokuwa wanabweka wakalala chini, ikapita kwa wote, ikaingia kwa mwenyekiti.

Huko kwa Vitus mambo yakaanza kidogo kidogo, kuta zikatoa maji, na Yunisi mkewe akisonga ugali mwiko unakwaruza kokoto sufuriani, na ndani ya ukuta wa chumba cha watoto mtu anagonga nyundo ngo, ngo, ngo, kama anayetafuta pa kutokea, na kila mlango utakaofungua, hata wa kabati, unasalimiwa kamwene, kamwene, kwa sauti ile ile isiyo na hasira wala haraka, mpaka Yunisi akamshika mumewe kifuani akamnong'oneza, "Baba Mercy, nakuomba, usimwitikie," naye akajibu, "Siitikii mimi, mama. Mdomo unaitikia wenyewe."

Wakamleta mzee Anwari, mtoa majini kutoka Mlandege. Akafukiza ubani, akasoma, akatoka nje kanzu imemganda mwilini kwa maji.

"Simtoi," akasema. "Huyu hakuvamia, kaitwa na kukaribishwa mbele ya watu. Na kwake mmepavunja. Mtafutieni pa kukaa, na mwenye kiwanja akubali mwenyewe, palepale mkutanoni."

Mkutano ukaitwa tena. Liberatus alikuwa ameshakimbia na malori yake. Vitus amekonda, shati linampwaya. Akasema chini chini, bila kumtazama mtu, "Bi Rukia, kipande cha jiwe kilichobaki kiko ubavuni kwako. Ukikubali, atahamia kwako. Sisi wenzako tuna watoto."

Rukia akasimama.

"Una watoto? Na kile kilichokuwa kwenye khanga ya Naima kilikuwa kitumbua? Ufa wa ukuta wangu unapitisha mkono. Nalala nimekaa, nasikiliza tofali lipi linasogea. Hukuja hata kuchungulia! Mlipotaka jiwe mliniita mpinga maendeleo. Leo mnataka jalala la kumtupia mgeni wenu, mmenikumbuka? Sikubali. Wala msinitazame hivyo, nyie mliocheka!"

Watu wakainamisha macho. Walikuwa wamecheka kweli.

"Basi nani atampokea?" Vitus akauliza, sauti imepasuka. "Anyooshe mkono."

Mama mmoja akakalia mikono yake yote miwili. Halafu mkono mmoja ukapanda, taratibu, umelowa hadi kwenye kiwiko. Ulikuwa mkono wa kulia wa mwenyekiti mwenyewe. Kwa wa kushoto alikuwa ameung'ang'ania, anauvuta chini kwa nguvu zake zote, anatoa machozi, na ule wa kulia unazidi kupanda.

Hakuna aliyemsaidia. Rukia akafunga khanga yake kiunoni, akatoka kwenda kukandika ukuta. Marta akamfuata na ndoo ya udongo, na nyuma yao, mmoja mmoja, wakatoka wale waliocheka.

Vitus yupo mpaka leo. Anakula kwa mkono wa kushoto, na mashati yake Yunisi huyakata ubavuni, maana ule mwingine haujashuka.