Kamasi Hakupigwa Kofi

Giza lilikuwa linaanza kuingia mshonaji alipofika stoo ya mavazi kumfuata kitindamimba wake, amrudishe nyumbani hata kwa kumburuta. Kila jioni msichana aliaga kwamba anakwenda kazini. Jana hakurudi. Na kazi gani hiyo, wakati kipindi chao cha televisheni kilishafutwa?

Kilistahili kufutwa. Mambo ya watu wanaorukaruka kwenye nyota, chombo chao maboksi yaliyopakwa rangi ya fedha, sayari yao beseni. Juma hili kinakutoa machozi, juma lijalo kinakutoa udenda kwa usingizi. Binti ndiye aliyekuwa akimvaa Kamasi, dubwana la sponji na gundi alilolishona mama mwenyewe, zipu wazi mgongoni kama aibu ya mtu. Ndani ya Kamasi huoni, husikii. Kwa hiyo walikuwa na utaratibu: unaendelea kuigiza mpaka upigwe kofi mgongoni.

Siku habari ya kufutwa ilipoletwa, mshonaji alikuwa kitandani na homa. Wenzake walibwaga vitu wakaondoka wakitukana. Hakuna aliyekumbuka kofi. Binti alirudi usiku, midomo imemkauka.

Mlangoni mlinzi alikuwa ameikodolea macho televisheni yake ndogo.

"Pita, mama, ila usinisemeshe. Kamasi kanoga siku hizi!"

"Nani anakirekodi hicho kipindi?"

"Mimi nijuaje? Kamera zilishabebwa zote. Lakini tazama mwenyewe. Zamani upuuzi mtupu, sasa hata kumeza mate nasahau."

Akatazama. Kamasi alikuwa anapumua. Mgongoni hapakuwa na zipu.

Kilikuwa kizuri. Akaiacha televisheni, akaingia ndani.

Stoo ilimpokea kwa harufu. Nyama iliyosahauliwa kwenye mfuko wa plastiki... na chini yake, mafuta ya nywele ya mwanawe. Kisha sauti.

Chwa... chwa... chwa...

Kama mtu anayetafuna kinywa wazi.

Kamasi alikuwa amekaa katikati ya mavazi, anatoka jasho.

"Mwanangu?" mshonaji akanong'ona.

"Mama... usinizibie mwanga."

Mshonaji akainua mkono, akampiga kofi la mgongo kwa nguvu zake zote. Kiganja kikazama. Ndani kulikuwa vuguvugu.

Kitu kikamlamba vidole.

Akauchomoa mkono. Ute ukaufuata, mrefu, hautaki kukatika. Akajifuta kwenye gauni la malkia wa nyota, akatapika ndani ya kofia ya rubani, kisha akachukua mkasi.

Huko nje mlinzi akaangua kicheko. "Mama, unakosa uhondo! Leo wameleta kikongwe na mkasi, katapikia kofia ya rubani! Anajua kuigiza huyo!"

Mshonaji akageuka kutafuta kamera. Ukuta. Magauni. Basi.

Akakata. Sponji haikuwa sponji tena. Ilikuwa na mafuta ya manjano kama ya kuku, na ilitoa damu. Uso wa binti ukatokeza, umelowana kama kidole kilichokaa ndani ya bandeji, hauna nyusi, mashavu yamegandana na bitana ya ndani ya vazi. Akafungua kinywa avute hewa. Hewa haikuingia. Midomo ikaanza kugeuka zambarau.

"Nifunge," akakoroma.

"Nyanyuka twende nyumbani, mwanaharamu wee!"

"Mama... nakufa."

Alikuwa anakufa kweli. Mshonaji alishawahi kuzika watoto, hakuhitaji kuambiwa. Akachomoa sindano kwenye ukosi wake, akatunga uzi, huku akimtukana mwongozaji, na wakubwa wa kituo, na kila mpumbavu aliyekaa kwake akitazama. Mlangoni mlinzi hakucheka tena. Alikuwa analia, tena kwa kwikwi, kwa utamu wa kipindi.

Akashona. Hakulazimika kuisukuma sindano.

Ngozi yenyewe ilikuwa inaisogelea.