Lundo Lililovaa Blanketi

Mnamjua mtu asiyetulia? Basi hamjamwona Siwema!

Akikaa, miguu inacheza. Akisimama, miguu inacheza. Tiki-tiki, tiki-tiki!

Siku moja majirani walikuja shambani kwa Bibi yake kutengeneza mboji. Wakapanga majani makavu. Wakapanga majani mabichi. Wakaweka samadi ya mbuzi. Pu! Pu! Pu! Likawa lundo kubwa, kumzidi Siwema kimo.

Jirani yao, Mzee Dilunga, akachomeka kijiti kirefu katikati ya lundo.

"Siwema, wewe ndiye mlinzi wa kijiti," akasema. "Baada ya siku tatu, kichomoe ukishike. Kikiwa cha moto, mboji inaiva. Kikiwa cha baridi, hatuna mbolea. Na mvua ndiyo hiyo inakuja."

"Na maboga yangu?" akauliza Siwema. Mbegu zake zilikuwa zinangoja kwenye kikopo.

"Yatakula nini, mjukuu wangu?" akasema Bibi.

Siwema akaogopa kweli.

Miguu ikacheza. Tiki-tiki, tiki-tiki!

"Bibi, tayari?"

"Bado."

"Na sasa je?"

"Bado, mama!"

Siku ya tatu ilipofika, jioni, Siwema akachomoa kijiti. Mh! Cha baridi!

"Maskini! Lundo linasikia baridi!"

Akakimbia ndani. Akaleta blanketi lake. Akalifunika lundo, akalipapasa. "Lala, upate joto."

Asubuhi Mzee Dilunga akapita. "Ala! Lundo limevaa blanketi!" Akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Siwema akachomoa kijiti tena. Bado cha baridi. Akaangua kilio. "Usicheke, Babu! Maboga yangu yatakufa njaa!"

Bibi akamfuta machozi. "Nyamaza, mama. Hebu kishike vizuri. Kimelowa?"

Siwema akakishika. Akakipapasa. "Hapana. Kimekauka kau!"

Halafu akaruka juu. "Bibi! Lundo lina kiu!"

Mzee Dilunga akaacha kucheka. Akakuna kichwa. "Hee! Kweli maji tulitia kidogo, na lundo kavu halipati joto. Tulikuwa na haraka."

"Kumbe na ninyi hamtulii!" akasema Siwema.

Wakateka maji, ndoo baada ya ndoo. Chururuu! Chururuu!

Kisha wakangoja tena. Siku tatu nyingine! Siwema akakalia mikono yake isiguse kijiti. Lakini miguu? Tiki-tiki, tiki-tiki!

"Bibi, tayari?"

"Bado."

"Na sasa je?"

"Sasa njoo, mama."

Majirani wote wakalizunguka lundo. Siwema akachomoa kijiti. Fyuu!

"Aaa! Cha moto! Cha moto!"

Mvuke ukatoka. Bibi akapiga vigelegele. Mzee Dilunga akatupa kofia yake juu.

Usiku Siwema akajifunika blanketi lake.

"Bibi, linanuka mbuzi."

"Nimelifua mara mbili. Nani alilipeleka huko?"

"Mimi."

"Haya, lala na mbuzi wako."

Siwema akacheka. Kikopo cha mbegu kilikuwa kando ya mto wake wa kulalia.

"Bibi, maboga tayari?"

"Bado, mama."

Miguu ikacheza. Tiki-tiki... tiki...

Ikatulia.