Mzee Simai Ateremka Ngazi

Kila alfajiri Wanu aliamka, akaswali, akamchemshia baba yake chai ya mdalasini. Kisha alichukua kikapu chake na kuteremka kwenda foleni ya mchele. Mwaka ule wa 1971 mchele ulikuwa wa shida mjini Unguja, na aliyechelewa foleni alirudi na kikapu kitupu. Mumewe, Muhiddin, saa hizo alikuwa keshatoka kwenda kazini bandarini.

Waliishi Mkunazini, katika vyumba viwili vya juu vya nyumba ya zamani ya mawe. Ngazi zake zilikuwa za mbao, nyembamba, zenye vidato kumi na tisa. Mzee Simai Jaku, baba yake Wanu, aliishi nao. Umri wake ulikuwa miaka sitini na nane. Ujanani alikuwa mwashi, na kuta nyingi za mtaa ule alizipaka chokaa yeye.

Tangu aache kazi, Mzee Simai aliteremka kila siku baada ya swala ya alasiri. Alikwenda kwenye baraza ya Mbayuwayu, klabu ya mpira ya mtaa wao, nyumba ya pili kutoka kwao. Hapo alicheza dhumna na Kificho, rafiki yake tangu utotoni, na kubishana na vijana juu ya mechi za Jumapili.

Mwanzoni mwa mwaka ule aliteleza kwenye ngazi. Alianguka vidato vitatu tu, lakini goti la kushoto lilivimba. Hospitali walimpima, wakasema mfupa haukuvunjika. Wakamwambia apumzike siku chache.

Siku chache zikawa miezi minne. Mzee Simai mwenyewe alitaka kutoka. Wanu ndiye aliyemzuia.

"Baba, kaa. Maji ya kutawadha ntakuletea hapo hapo."

"Goti lishapoa, mwanangu."

"Goti lishapoa, lakini ngazi ni zile zile. Mama ametutoka mwaka jana. Ukianguka tena, mie ntabaki na nani?"

Mzee Simai alirudisha miguu juu ya kitanda. Akakaa. Chakula aliletewa kitandani. Aliswali kwa kuketi. Mchana alisinzia na usiku alikesha. Miguu yake ilikonda, na akisimama magoti yalitetemeka. Mazungumzo nayo yalipungua. Wanu aliona ni uzee, akazidi kumhudumia.

Ijumaa moja mchana, Muhiddin alirudi mapema kutoka kazini. Alikaa kando ya kitanda cha mkwewe.

"Baba, Mzee Kificho hatunaye."

Mzee Simai alijiinua kwa kiwiko. "Wanamzika lini?"

"Sasa hivi. Jeneza linapita hapa chini."

Muhiddin aliteremka kwenda kuzika. Wanu alikuwa jikoni. Mzee Simai aliamka peke yake, akashika ukuta, akaenda mpaka kwenye ngazi. Aliweka mguu kwenye kidato cha kwanza. Miguu ikakataa. Ilibidi aketi pale pale, mikono imeshika ukingo wa kidato. Chini alisikia sauti za watu wakimtaja Mungu. Zilipita mlangoni, zikaingia kwenye uchochoro, zikapotea.

Wanu alimkuta hapo.

"Baba, unafanya nini?"

"Mie na Kificho tumezaliwa wiki moja," alisema Mzee Simai. "Leo mtaa mzima umekwenda kumzika, isipokuwa mie."

Wanu alimshika mkono amrudishe kitandani. Mkono ule ulikuwa mwepesi kama wa mgonjwa wa muda mrefu. Hapo ndipo alipoogopa.

Baada ya siku tatu alikuja mgeni. Alikuwa Silima, muuguzi wa hospitali. Jioni alikuwa mwalimu wa mazoezi wa klabu ya Mbayuwayu.

"Shikamoo, Mzee Simai."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Silima aliketi. Alimwomba mzee, aliyekuwa ameketi mkekani, asimame kidogo. Mzee Simai alijaribu mara mbili, akashindwa kunyanyuka bila ya kuvutwa.

"Bi Wanu," alisema Silima, "baada ya mazishi tulikaa kikao pale klabu. Tulikumbuka wazee wote waliokuwa wakikaa barazani kwetu. Wengi hawaonekani tena. Wako juu, kwenye vyumba, na watoto wao wanawatunza. Mzee Kificho naye alikuwa hivyo hivyo kwa miezi mitatu. Alipopata homa ya mapafu, mwili ulikuwa hauna nguvu ya kupambana nayo. Kwa hiyo klabu imeamua kuanza mazoezi ya wazee, kila Jumatatu na Alhamisi baada ya alasiri. Nnataka Mzee Simai awemo."

Wanu alikunja uso. "Wewe unafundisha vijana mpira, kaka Silima. Baba yangu si mchezaji. Huyu anahitaji kupumzika."

"Ukiumia, unapumzika siku chache. Baada ya hapo mapumziko yanageuka maradhi. Mchezaji wangu akikaa kitandani mwezi mmoja, mguu hukonda mpaka suruali ikampwaya. Nyama ya mguu inataka kazi. Isipopata kazi, inapungua. Kwa mzee inapungua upesi zaidi. Na miguu ikiwa dhaifu, ndipo mtu anapoanguka."

Wanu alitazama miguu ya baba yake. Ilikuwa imenyooka juu ya mkeka, myembamba, magoti yametokeza.

"Kwa hiyo ni mie niliyemfanya hivi," alisema.

"Hukujua. Na sisi tuliojua hatukuja kukwambia. Tulimkosa barazani miezi minne, hatukuuliza."

Mzee Simai alikohoa. "Acheni kugawana makosa," alisema. "Niambieni nnaanzia wapi."

Walianzia hospitali. Daktari alimpima presha na moyo, akalikunja na kulikunjua goti lake, akamruhusu kufanya mazoezi.

Kisha Silima alimwonyesha Wanu la kufanya nyumbani. Aliegemeza kiti kizito ukutani. Mzee Simai alitakiwa kusimama na kuketi mara tano asubuhi na mara tano jioni. Mwanzoni alijisukuma kwa mikono. Baada ya hapo alishika meza, akanyanyua visigino na kuvishusha polepole.

"Akichoka, apumzike kisha aendelee," alisema Silima. "Lakini akisikia kifua kinabana, au kizunguzungu, aache hapo hapo, na apelekwe hospitali."

Silima alitazama chumba. Aliuondoa mkeka uliojikunja pembeni, usije ukamkwaza mzee. Aliyaweka kando makubadhi ya mzee yaliyolegea, akasema atafutiwe viatu vinavyoshika mguu. Muhiddin naye alipigilia ubao mrefu ukutani, kutoka juu ya ngazi mpaka chini, uwe wa kushikia.

"Ukipanda, tanguliza mguu mzima," Silima alimfundisha mzee. "Ukiteremka, tanguliza mguu unaouma. Na anayekusaidia akae kidato kimoja chini yako."

Wiki ya tatu walijaribu kuteremka. Silima alikaa chini yake, Wanu juu. Mzee Simai alifika kidato cha saba, akasimama. Jasho lilimtoka.

"Siwezi," alisema. "Nirudisheni."

Walimrudisha. Siku ile hakula chakula cha usiku. Wanu alilala akiwaza kuwa amekosea kukubali. Lakini asubuhi, aliporudi kutoka foleni, alimkuta baba yake yuko kwenye kiti. Anasimama na kuketi, huku anahesabu kimya kimya. Wanu alingoja amalize. Aliweka kikapu chini, akamtilia chai.

Baada ya siku kumi aliteremka vidato vyote kumi na tisa. Mlangoni jua lilimpiga usoni, akafumba macho. Wachezaji wawili wa Mbayuwayu walimngoja nje. Walitembea naye hatua kwa hatua mpaka klabu.

Uani mwa klabu palikuwa na wazee tisa, wameketi kwenye mabenchi. Walinyanyua mikono, wakainyoosha miguu, wakapeana mpira kwa mikono kisha kwa nyayo.

"Mie nshakuwa mtoto wa kupasiwa mpira?" alinung'unika Mzee Simai.

"Mpasie Mzee Mmanga," alisema Silima. "Naye ananung'unika vile vile."

Baada ya mazoezi walikwenda barazani. Mahali alipokuwa akikaa Kificho palikuwa patupu, hakuna aliyepakalia. Mzee Simai alipatazama, akasoma Fatiha. Wenzake wakaitikia amin. Kisha mmoja wao akamwaga dhumna juu ya meza.

Miezi mitatu ilipita. Mzee Simai hakurudi kuwa kijana. Asubuhi za baridi goti bado lilimuuma, na ngazi alizipanda kwa kupumzika katikati. Lakini usiku alilala. Aliswali kwa kusimama. Alikwenda msikitini kwa miguu yake na fimbo, na nyumbani alianza tena kubishana na Muhiddin juu ya mpira.

Klabu nayo iliongeza siku. Jumamosi asubuhi uani walikaa wanawake peke yao. Aliyewaongoza ni Bi Mwanakheir, mkunga wa mtaa. Lakini bibi mmoja, Bi Mwanakhamis, hakuja. Tangu aanguke uani kwao, binti yake Tabia hakumruhusu kutoka chumbani.

Wanu alikwenda mwenyewe. Tabia alimpokea mlangoni, mkono umeshika mwimo.

"Nshasikia habari za mazoezi," alisema Tabia. "Lakini mama yangu nnamlinda, dada Wanu. Sina mwengine."

"Najua," alisema Wanu. "Na mie nlimlinda baba yangu. Nlimlinda mpaka akashindwa kumzika rafiki yake. Hilo siwezi kulirudisha, Tabia. Hata sasa anapotembea, siwezi."

Tabia aligeuka kutazama ndani. Kutoka chumbani ikaja sauti ya kizee, ya upole.

"Tabia."

"Naam, mama."

"Njoo unipe mkono nisimame."

Tabia aliondoka mlangoni, akampisha Wanu. Wanu akavua viatu, akaingia naye. Mmoja alisimama kulia mwa kitanda na mwengine kushoto, wakampa Bi Mwanakhamis mikono.